Eda ya Ujira

Katika Dar es Salaam nzima, kuanzia Magogoni mpaka Madale, mwanamke wa kwanza kulipwa cherehani kwa kazi ya kukaa kitako ni mie, Hija binti Salehe. Hakuna aliyenitangulia, na sijasikia aliyenifuata. Sasa nikishajisifu hivyo, niseme na haya: kukaa kitako kwenyewe sikukaa, maana nilifua, nilipika, nilipepea mtu mzima kama mtoto, na nilisema uongo mpaka ulimi ukaota sugu. Na hilo neno "kulipwa" nimelitia hapo juu ili msome. Tuendelee.

Ilikuwa mwaka wa mgomo mkubwa wa makuli wa bandarini, miezi michache baada ya mgomo wenyewe kwisha. Mfungo nne, yaani mwezi wa nne baada ya Ramadhani, kaskazi imeanza kuunguza, alifariki Mzee Fakihi, fundi cherehani wa Chang'ombe. Aliacha nyumba ya bati yenye vyumba sita, aliacha cherehani ya mkono, aliacha ndugu mmoja anayeitwa Shomari, na aliacha mke, Bi Mwanaheri, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtu wa Kilwa, hana mtoto wala jamaa mjini.

Mie nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimeachika, nimerudi Kinondoni kwa mama, na mtoto wangu wa kike, Mwajabu, anakaribia kutimiza miaka saba. Tulikuwa tunakaanga vitumbua, mama na mie, na siku nyingine tunavila wenyewe kwa sababu wateja wamekula kwao. Baba yake Mwajabu, Marijani, alikuja siku moja akasimama mlangoni, hata kuketi hakutaka. Akasema:

"Hija, masika ikianza nakuja kumchukua mwanangu. Miaka saba hiyo inatimia. Nikikukuta una kazi ya maana, kazi ya kukaa nyumbani na mtoto akakuona, nitamwacha. Nikikukuta na moshi huu wa vitumbua, anakwenda Madale kwa mama yangu."

"Madale anakwenda kufanya nini? Kufukuza nyani shambani?"

"Nyani wana adabu kuliko wewe," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo Bi Mwanaheri alipotuma mtu Kinondoni kuniulizia, nilikwenda nusu nikikimbia.

Nyie wa siku hizi labda mmesahau jinsi eda ilivyokuwa ikikaliwa. Mfiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na hasemi na mwanamume ambaye angeweza kumuoa. Akija mwanamume kutoa pole au kuulizia jambo, anaketi ukumbini, pazia limeshushwa. Ndani bibi ananong'ona, na mwenzie anayekaa naye ndiye anayesema kwa sauti. Kwa kawaida mwenzie huwa dada, au shangazi, au binti wa ndugu. Bi Mwanaheri hakuwa na yeyote kati ya hao, ndiyo maana akaamua kukodi.

"Nimeambiwa wewe umesoma mpaka darasa la nne," akaniambia siku ile ya kwanza. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunga shuka nyeupe, uso umemvimba kwa kulia.

"Ndiyo, Bibi."

"Hilo halinisaidii. Nimeambiwa pia ukiimba kwenye ngoma Kinondoni, unasikika mpaka Magomeni."

"Watu wanatia chumvi, Bibi."

"Hiyo sauti ndiyo naitaka. Shemeji yangu Shomari anajifanya kiziwi akiambiwa asichokipenda. Nataka mtu asiyeweza kumwambia hakumsikia." Akanyoosha mkono pembeni ya chumba, palipokuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cha maua. "Eda yangu ikiisha, ile ni yako. Marehemu alinipa mwenyewe kwa mdomo wake. Lakini ukivuka kizingiti kabla eda haijaisha, hata sindano hupati."

Nikaenda kufunua kitambaa. Cherehani nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, gurudumu lake linazunguka bila kulia. Niliizungusha mara moja tu. Katika ule mzunguko mmoja nilimwona Mwajabu ameketi kibarazani kwetu, amevaa gauni nililomshonea, na Marijani amesimama njiani hana la kusema.

"Nimekubali," nikasema.

Mama yangu aliposikia aliuliza swali moja: "Miezi minne na siku kumi kwenye nyumba ya bati, kaskazi hii? Una akili timamu?" Nikamwambia akili ndiyo hiyo hiyo niliyozaliwa nayo. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Basi nikaingia, mlango ukafungwa.

Dirisha la upande wa barabarani lilizibwa kwa gunia, ili wapita njia wasimwone bibi. La upande wa uani lilikuwa wazi, lakini ua wenyewe ulizungushiwa makuti marefu, hata upepo ulipiga hodi ukakata tamaa. Ikifika saa sita mchana bati lilikuwa linalia juu yetu, ta, ta, ta, likijinyoosha kwa joto. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Bi Mwanaheri alilala chali juu ya mkeka, mie nikampepea kwa kipepeo cha ukili, na kila nikipunguza mwendo anasema, "Hija, umekufa?"

"Bado, Bibi."

"Basi pepea."

Kutoka uani kwenda nje kulikuwa na kilango cha makuti kilichofungwa kwa kamba tu, si kufuli. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mfungwa wa gereza anaangalia kufuli, analitukana, roho inapoa. Mie niliangalia kamba. Mtoto wa miaka mitatu angeifungua. Kila asubuhi nilipokwenda kupokea maji kwa mchota maji, mikono yake inapenya kwenye kilango, ndoo inaingia, na mie vidole vyangu vya miguu vinaugusa mstari wa kizingiti na kurudi.

Maulidi ilisomwa msikiti wa jirani. Nilisikia matari, nilisikia wanawake wanavyoitikia, nikatambua sauti za watu ninaowajua. Mie, ambaye bila mie maulidi ya mtaa hayajawahi kuchangamka, nilikuwa nimeketi gizani nachambua mchele. Niliitikia peke yangu kwa sauti ya chini. Bi Mwanaheri akasema, "Unapepea au unaimba?"

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Shomari. Mtu mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kikohozi cha kutangulia kumtambulisha.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mzee Shomari. Shikamoo."

"Marahaba. Shemeji yangu hajambo?"

Nyuma yangu Bi Mwanaheri ananong'ona, nami napaza: "Bibi anasema hajambo, anashukuru Mungu."

"Ana shida yoyote?"

"Bibi anasema shida yake mkaa. Uliosema utauleta Ijumaa iliyopita bado upo njiani."

"Sikusikia."

"BIBI ANASEMA MKAA!"

"Ee, basi, basi, utaniua."

Ndivyo tulivyokwenda kwa miezi miwili. Kila neno langu lilianza na "Bibi anasema". Hata nikiwa peke yangu uani, kuku akiingia jikoni, nilijikuta nasema, "Bibi anasema toka."

Kuna Ijumaa moja ya mfungo sita, Shomari akaketi muda mrefu kuliko kawaida. Nikasikia anakuna ndevu. Kisha akasema:

"Mwambie shemeji nimepata mnunuzi wa nyumba. Eda ikiisha tu, Jumatatu yake tunauza, kila mtu anachukua haki yake. Yeye robo yake ipo, hakuna atakayemdhulumu. Na vyombo vilivyomo tutagawana. Cherehani ile mwanangu ameshaanza kujifunza kushona."

Nikageuka nyuma. Bi Mwanaheri alikuwa ameketi wima, mkono kifuani. Akanong'ona, lakini si kwangu: "Robo ya nyumba ni kitu gani? Ni mlango na nusu ya choo. Unalala vipi kwenye nusu ya choo?"

"Anasemaje?" Shomari akauliza.

Bibi alinitazama, akaitazama cherehani, akanitazama tena. Kisha akanong'ona polepole, kama mtu anayekadiria samaki asije akapunjwa:

"Mwambie nina mimba."

"Bibi anasema..." nikaanza, nikanyamaza.

"Anasema nini?"

Mie ndiye niliyekuwa nikifua vitambaa vyake vya mwezi, na vingine vilikuwa bado juu ya kamba ya uani havijakauka. Yeye anajua, mie najua, na kamba inajua. Lakini niliitazama cherehani pembeni pale, nikamwona mtoto wa Shomari anaizungusha kwa mikono michafu, nikamwona Mwajabu anafukuza nyani Madale.

"Bibi anasema ana mimba," nikasema. Na kwa ile sauti yangu, Chang'ombe nzima ikapata habari.

Ukumbini Shomari akaacha kukuna ndevu. Kisha: "Ya nani?"

Sikungoja Bibi anong'one. "Bibi anasema ya marehemu ndugu yako, na aibu huna!"

"Marehemu aliugua miaka miwili! Hata mkasi alikuwa hawezi kuuinua."

"Bibi anasema mkasi ni habari nyingine."

Nyuma yangu Bi Mwanaheri alijiziba mdomo kwa shuka. Shomari akakohoa kikohozi kirefu, akasimama, kanzu ikamlia.

"Haya. Mungu mkubwa. Mwenye mimba hauziwi nyumba, na mirathi haigawanywi mpaka mtoto aonekane. Tutangoja." Akafika mlangoni akageuka. "Na mwambie mwenye mimba eda yake si miezi minne na siku kumi. Ni mpaka ajifungue. Hilo naye analijua."

Akaondoka. Bi Mwanaheri alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanipiga begani, akasema mie ni dhahabu. Mie nilikuwa nacheka naye. Halafu kicheko changu kikapungua, kikapungua, kikaisha.

"Bibi," nikasema. "Tulipatana vipi, mie na wewe?"

"Eda yangu ikiisha, cherehani yako."

"Na eda yako sasa inaisha lini?"

Akaanza kukunja pindo la shuka yake.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimba ambayo haipo inazaliwa mwezi gani? Vya mkono mmoja vikaisha, nikaingia mkono wa pili. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa ulimi wangu mwenyewe, na kwa sauti ya kusikika mpaka Magomeni. Nikikaa, nakaa mpaka mtoto asiyekuwepo azaliwe, na masika itakuja na Marijani atakuja nayo. Nikitoka, nimevuka kizingiti, sina changu. Na nikisema kweli, nyumba inauzwa na cherehani inakwenda kwa mtoto wa Shomari.

"Nipe sasa hivi niende zangu," nikamwambia.

"Uende uniache na nani? Ijumaa ijayo atasema nani? Na Shomari akiona cherehani imetoka kabla ya mirathi atasema nimeiba, ataingia humu ndani na jumbe. Subiri, mwanangu. Mungu atatuonyesha njia."

"Mungu njia ameshaionyesha, Bibi. Iko pale, imefungwa kwa kamba."

Siku zile hatukusemezana ila kazini. Nilimpepea kwa hasira, upepo ukawa mzuri zaidi.

Wiki ya pili yake mama akaja na Mwajabu. Wanawake walikuwa wakiruhusiwa kuingia, lakini mama alikataa. Alisimama nje ya kilango cha uani, akasema nyumba iliyommeza mtoto wake yeye hataingia ndani, isije ikapata hamu. Mwajabu alipenyeza vidole kwenye makuti, nikavishika. Alikuwa amekua. Kucha hazijakatwa.

"Mama, umefungwa?"

"Sijafungwa. Nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kukaa."

Akafikiri. "Hata mie najua kukaa. Toka wewe, niingie mie."

Mama akasema kwa sauti ya chini, lakini kwa mama ndiko nilikoitoa sauti: "Unamsikia? Hija, hebu niambie kama mtu mwenye darasa la nne. Unataka cherehani ili mtoto abaki na wewe. Sawa. Sasa miezi mitatu hii mtoto amekaa na nani? Anamwita nani usiku akiota vibaya? Marijani akimchukua, amemnyang'anya nani? Mie! Wewe hukuwepo."

"Mama, nimeshakaa miezi mitatu. Nikitoka leo nimekaa bure."

"Na usipotoka?"

Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye vidole vya Mwajabu, wa pili ulikuwa kwenye kamba. Niliifungua. Naapa niliifungua, kilango kikajitikisa, mguu wangu nikaunyanyua. Na mguu ukakaa hewani hivyo, kama wa korongo. Nilikuwa nafikiri: miezi mitatu ya jasho, Maulidi niliyoikosa, vile vitambaa nilivyofua, vyote naviacha humu, natoka mikono mitupu kama nilivyoingia, na masika Marijani anakuja ananikuta na moshi ule ule. Nikaurudisha mguu chini, upande wa ndani.

Mama aliniangalia. "Haya," akasema, akamshika Mwajabu mkono. Mtoto aligeuka mara tatu, na mara ya tatu alinipungia mkono kama anavyompungia mgeni.

Siku hiyo niliifunga ile kamba mafundo matano. Nisiifungue tena kirahisi.

Ilipoingia mfungo nane, mbu wakaongezeka, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Pugu. Nilikuwa nasikiliza bati usiku na mchana, kila likilia nadhani mvua. Alhamisi mama akatuma salamu kwa mchota maji: mvua ya kwanza imenyesha Madale, Marijani anakuja kesho kutwa, Jumamosi asubuhi.

Na kesho yake, Ijumaa, kwa hesabu ya mwezi, ndiyo ilikuwa miezi minne na siku kumi.

Nilimkuta Bi Mwanaheri anajihesabia vidole naye. Nikaketi mbele yake, nikakiweka kipepeo chini.

"Bibi, leo eda yako imeisha."

"Imeisha vipi? Mwenye mimba..."

"Bibi!" nikasema. "Unaniambia mie? Mie ninayefua?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimwone, nikaona mwanamke yule amezeeka. Akanusa bega lake mwenyewe. "Nanuka kama kabati lililosahauliwa," akasema. "Leo ndiyo siku yangu ya kukoga na kutoka, Hija. Nimeingoja kama wewe. Na nimejifungia mwenyewe. Unadhani ni wewe peke yako uliyefungwa humu?"

"Mie nina mtoto anayechukuliwa kesho asubuhi. Nipe cherehani, nitokee uani wakati wanaume wapo msikitini. Usiponipa, Shomari akija mchana huu, mdomo uliomwambia una mimba ndio utakaomwambia huna. Na unaijua sauti yangu."

Alinitazama sana. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, "Ichukue. Useme nilikufukuza. Lakini kabla hujaenda, niogeshe. Mfiwa hajiogeshi mwenyewe siku ya kutoka edani, na zaidi yako sina mtu. Niogeshe kwa siri, nikamilishe eda yangu mbele ya Mungu, mbele ya Shomari nitajua mwenyewe."

Ningemkataliaje? Nikabandika maji. Saa nne na nusu nikamwogesha uani, nyuma ya shuka, nikamsugua mgongo kwa dodoki mpaka uchafu wa miezi minne ukatoka. Nikamsuka. Akafungua sanduku lake, akatoa kanga mpya, marashi, wanja, na udi. Miezi yote ile hatukuwa tumenusa kitu kizuri zaidi ya kitunguu kinachokaangwa, kwa sababu manukato ni haramu kwa aliye edani. Nikaweka udi kwenye chetezo, moshi ukapanda kwenye kanga zake, kwenye nywele, ukajaa chumba, ukatoka ukumbini. Akajipaka wanja. Akatia tambuu mdomoni, akatafuna amefumba macho.

"Nipo hai," akasema.

Mie nilikuwa nimeshaifunga cherehani kwenye kanga yangu ya zamani. Nimeinyanyua, nimeijaribu kichwani, uzito wake umeniingia shingoni nikaona raha. Nimetoka nayo mpaka mlango wa uani, nimeiweka chini ili nifungue kilango. Mafundo matano, yamelowa maji ya kuogea, yamekaza. Nikatumia meno. Fundo la kwanza likaachia. La pili likaachia. Nikajiambia nikikaza mwendo, saa nane nipo Kinondoni na Mwajabu.

"Hodi humu!"

Nilidhani nimeota. Adhana bado haijaadhiniwa. Shomari hajawahi kuja kabla ya sala hata siku moja. Kikohozi kikafuata, si cha kuota.

Bi Mwanaheri alikuwa katikati ya chumba, kanga mpya, macho ya wanja, mdomo mwekundu kwa tambuu. Alinipungia mikono nirudi. Nikarudi mbio, nikaketi nyuma ya pazia, nahema.

"Karibu, Mzee Shomari. Shikamoo."

"Marahaba." Nikamsikia anavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara mbili. "Nanusa udi."

"Ni mie, Mzee. Nimejifukiza. Mie sikufiwa."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema, na roho yangu ikashuka mahali pake. "Hukufiwa. Haya. Leo nimekuja mapema kwa sababu nimefuatana na Mama Eufrazia, mkunga, yule Mhaya anayekaa nyuma ya soko. Yeye ni mwanamke, hana kizuizi cha kuingia. Nimemwomba amtazame shemeji, amshike tumbo, atuambie mtoto anaendeleaje. Miezi inakwenda, na mie ndiye baba yake mdogo. Lazima nijue."

"Hamjambo humo?" sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa na pazia. Niliona vidole vyake vimeshalishika pindo.

Nikageuka. Bi Mwanaheri hakuwa na mahali pa kwenda. Dirisha lina gunia, kilango kina mafundo matatu. Alikuwa amesimama ananukia kama bibi harusi, akanong'ona kwa haraka, tambuu likimtoka mdomoni:

"Mwambie nimelala! Mwambie nimelala!"

Nami, kwa miezi minne na siku kumi sikuwa nimefanya kazi nyingine kwa mdomo wangu ila hiyo moja. Nikapaza sauti yangu ile ya kukodiwa:

"Bibi anasema amelala."

Mama Eufrazia akaliachia pindo la pazia. Nje mchota maji aliyekuwa akipita na ndoo zake alisimama, nilisikia maji yanavyotulia.

Shomari hakukohoa. Akauliza taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeulizia njia:

"Amekwambia saa ngapi, binti? Kabla hajalala, au sasa hivi?"

Kwa mazoea nilitega sikio kungoja jibu. Nyuma yangu, Bi Mwanaheri akanong'ona, mnong'ono wa kufika ukumbini, kibarazani, na kwa mchota maji:

"Mwambie kabla."